Msiiamini Taa ya Kijani

Nyumba za Wafanyakazi wa Chuo,
Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepungua tangu uanze kuvaa ule mkanda. Baba mdogo naye vipi? Goti linamruhusu kupanda ngazi, au bado anashuka kinyumenyume akidai ni mazoezi? Na wale pacha wako wameshaacha kugombania kitanda cha dirishani? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Roho ndiyo iliyochafuka, na ndiyo sababu safari hii sikukupigia simu. Kwenye simu ungenipa pole kabla sijamaliza, mimi ningeanza kulia, na tungekata bila kufika popote. Tena nataka uwe na karatasi mkononi, kitu unachoweza kumwonyesha mtu.

Jambo lenyewe naliweka hapa juu kabla sijaanza kusimulia, maana nakujua, unaweza kuitwa wodini ukaiacha barua katikati. Vile vidude vya Sikio vitakavyofika kwenu Alhamisi, msiviamini. Havifanyi kazi. Taa ikiwaka kijani, mashine ya oksijeni inaweza kuwa nzima na inaweza kuwa inakufa, kidude hakijui tofauti. Fundi wenu asiache kuzunguka na kipimo chake kila Jumatatu kwa sababu ya hiyo taa. Sasa unaweza kwenda kwa wagonjwa wako, na haya mengine uyasome ukirudi.

Najua umekunja uso. Katika barua yako ya mwisho ulisema umewatangazia wauguzi wenzako wa wodi ya watoto kwamba Sikio ni kazi ya mwanao, na matroni akasema kama ni kazi ya mtoto wako basi yeye hana shaka. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliifunika barua mezani nikatoka nje. Mtu akikuamini kwa jambo unalojua ni bovu, sifa zake zinakuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Mama naye, nasikia, amebandika ukutani picha yangu iliyotoka kwenye jarida la chuo. Mwambie aibandue taratibu asiharibu rangi ya ukuta.

Nikueleze sasa, kwa lugha ya nyumbani. Mashine ya oksijeni inavuta hewa, inaichuja, inampa mgonjwa. Ndani yake mna pampu. Pampu ikianza kuchoka, mlio wake unabadilika siku kadhaa kabla haijazima. Fundi mzoefu anausikia. Wazo letu lilikuwa zuri na bado nasema ni zuri: tuifundishe kompyuta kusikia anachosikia fundi, kisha tuiingize kwenye kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakibandika ubavuni mwa mashine, kinawasha kijani ikiwa nzima na nyekundu ikiwa mbovu. Kompyuta yenyewe haifundishwi kwa maelezo. Unaisikilizisha milio ya mashine nzima na milio ya mashine mbovu, unaiambia hizi ni nzima na zile ni mbovu, nayo inajitafutia tofauti.

Aliyerekodi milio hiyo ni mimi. Mia nne na kumi na mbili. Mashine nzima nilizifuata hospitalini zikiwa kazini, kwa sababu huwezi kumnyang'anya mgonjwa hewa yake ukaondoka nayo. Huko nilipata milio mia mbili na thelathini. Mbovu zilitoka kwenye stoo za hospitali, kumi na nne, zikaletwa maabara, na kila moja nikairekodi mara kumi na tatu. Zote niliziweka juu ya meza ya dirishani, maana ndiyo meza pekee yenye soketi isiyotoa cheche. Kwenye daftari, chini ya neno "mazingira", niliandika mara mia moja na themanini na mbili: maabara, meza ya dirishani. Hakuna aliyelisoma daftari lile. Hata mimi niliyeliandika sikulisoma.

Pembeni ya meza hiyo kuna friji.

Mama mdogo, wewe umefanya kazi na vidonda na matapishi miaka ishirini, lakini friji ile ingekushinda. Mpira wa mlango umelegea, kwa hiyo haipumziki. Inanguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Ndani kuna vyakula vya watu waliokwisha kumaliza masomo wakaondoka. Kuna wali ulioota manyoya. Kuna chupa ya maziwa iliyogawanyika matabaka matatu, na kila tabaka lina rangi yake. Kuna mayai ya kuchemsha ambayo hakuna anayekubali kuwa ni yake. Chini kabisa, kwenye droo ya mboga, kuna maji mazito ya kahawia, na ndani yake kijiko kinaelea. Watu wenye shahada tatu tatu wanafungua mlango ule kwa vidole viwili, wanabana pumzi, wanachukua soda yao, wanafunga. Kila mtu anangoja mwenzake. Nimekaa maabara ile miaka minne nami nilikuwa nafanya vivyo hivyo.

Jumatatu iliyopita, siku mbili kabla ya wageni wakubwa kuja kuona Sikio, harufu ilifika mpaka kwenye korido. Mama wa usafi akasema imetosha. Akachomoa waya, akavaa glavu mbili mbili, akaanza kutoa ule uozo kwa ndoo. Sisi tulikuwa kwenye meza ya dirishani tunafanya mazoezi ya onyesho. Mashine tuliyoiweka ilikuwa ile mbovu kuliko zote, inayokoroma mpaka meza inatikisika. Hata wewe na mlango umefungwa ungesema hii ni mgonjwa. Nikabandika Sikio. Taa ikawaka kijani.

Tukadhani ni betri. Tukabadilisha betri. Kijani. Tukabadilisha kinasa sauti, tukabadilisha waya, tukaleta kidude kingine, na cha tatu. Kijani, kijani, kijani. Mkuu wa mradi alikuwa anatembea huku na huku. Sisi humwita Bwana Asilimia, kwa sababu hawezi kukuambia hata habari za watoto wake bila kutaja asilimia. Sikio lake linapatia mara tisini na saba katika mia, ameisema namba hiyo mpaka imeota mizizi mdomoni. Siku hiyo alikuwa anatokwa jasho mpaka kola imelowa.

Baada ya saa nzima mama wa usafi akamaliza, akafuta mikono, akauliza kama anaweza kuichomeka friji yake. Sisi tulikuwa tumeinamia waya zetu, akaichomeka. Friji ikakohoa, ikaanza kunguruma. Sikio likawaka nyekundu.

Akatutazama. "Kumbe hiki kinaumwa na friji?"

Nilicheka, Mama mdogo. Tulicheka kama watu wawili watatu hivi. Kijana wa programu, yule tunayemwita Miwani, akanyoosha mkono akaichomoa friji. Kijani. Akaichomeka. Nyekundu. Akafanya hivyo mara tano, polepole, na mara ya tano alikuwa ameshakaa chini.

Umeelewa? Mashine mbovu zote nilizirekodi pembeni ya friji. Nzima zote nilizirekodi mbali nayo. Kompyuta ikatafuta tofauti kama ilivyoagizwa, na tofauti iliyo rahisi kuliko zote haikuwa kwenye pampu. Ilikuwa ni mngurumo wa friji. Na tulipoipima tuliipima kwa milio niliyoitoa kwenye vyumba vile vile, ikafaulu, tukashangilia. Taa ya kijani maana yake si kwamba mashine ni nzima. Maana yake ni kwamba hapa karibu hakuna friji yetu.

Kosa lenyewe halinitii kinyaa. Linanitia aibu, na aibu naweza kuibeba. Ni kosa langu, ningeamka kesho yake nikahamisha meza, nikarekodi upya miezi mitatu, na nyinyi mngesubiri. Yaliyofuata ndiyo yaliyonichefua.

Bwana Asilimia aliizunguka friji, akaukagua waya wake mpaka kwenye soketi. Mimi nilidhani anatafuta namna ya kuwaambia wageni wasije. Alipofungua mdomo alisema, "Basi Jumatano isichomolewe." Hivyo tu. Kisha akamwambia mama wa usafi amtafutie kitambaa cheupe kirefu na yale maua ya plastiki ya ofisini kwake. Mama wa usafi alikuwa ameshika ndoo. Akamwambia, "Mimi uchafu wangu nimeshausafisha. Huu mwingine ni wenu." Akatoka na ndoo yake. Kitambaa alikileta mtu mwingine.

Jumatano wageni wakaja, viatu vinang'aa. Friji imevaa shuka kama maiti, juu maua. Mama mmoja kutoka ofisi ya afya akauliza kuna nini chini ya kile kitambaa. Bwana Asilimia akajibu bila kupepesa, "Ni vifaa nyeti." Vifaa nyeti! Ndani mlikuwa na chakula chake cha mchana. Nikaweka mashine mbovu, nikabonyeza kitufe, nyekundu. Wakapiga makofi. Mashine nzima, moja tuliyoiazima kwa ajili ya onyesho, ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa pili, "ili wageni wanyooshe miguu". Huko nako nikabonyeza kitufe, kijani. Wakapiga makofi tena. Waliipigia friji makofi, Mama mdogo, na kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Nilijiambia nitasema wakishakunywa chai. Wakanywa chai. Nikawashikia sahani za vikombe, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nimewachukia wenzangu wiki hii nzima, lakini niliyemchukia kuliko wote ni yule niliyemwona kwenye kioo cha chooni siku ile.

Kabla hawajaondoka, yule mama wa ofisi ya afya alisimama kutoa shukrani, akataja hospitali itakayopewa Sikio kwanza, na wodi. Ni kwenu. Akasema kwa kuwa sasa kuna teknolojia, fundi wenu atahamishiwa kwingine, na ukaguzi wa kila wiki utakuwa wa kila baada ya miezi mitatu. Alisema kwa furaha kabisa. Hakuwa na kosa, aliamini alichoonyeshwa.

Alhamisi sikumwomba mtu ruhusa. Nilizisukuma mashine mbovu zote kumi na nne, moja moja, mpaka chumba cha mwisho cha korido, ambako hakuna hata feni. Zote kumi na nne zikawa kijani. Nikaleta ile moja nzima, nikaiweka karibu na friji: nyekundu. Nikaandika kurasa mbili, nikatia saini na tarehe, nikampelekea. Alizisoma akiwa amesimama. Akasema hii ni kasoro ndogo, tutairekebisha kwenye toleo la pili. Nikamuuliza toleo la kwanza linakwenda wapi. Akaniambia nijifunze kuwa mwanatimu, kwamba makala yetu inatoka mwezi ujao na jina langu ni la tatu, na kwamba mkataba wangu unafikia mwisho Agosti. Hakuunganisha hayo matatu. Aliyapanga tu mezani mbele yangu niyaunganishe mwenyewe.

Nikamwendea Miwani. Ndiye aliyeandika programu, neno lake lina uzito kuliko langu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. "Dada, mimi nimebakiza mwezi mmoja nimalize masomo. Mwezi mmoja tu." Ni mtu mwema, ananisaidia kubeba mashine, hukumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Nadhani hilo ndilo lililonichosha zaidi. Bwana Asilimia ningeweza kumtukana moyoni nikapumua. Miwani nilishindwa.

Jana tumefunga mizigo. Vidude kumi na viwili, kila kimoja kwenye sponji yake, kazi ya kufunga ni yangu. Nilikuwa nimeandika vikaratasi vya onyo nivifiche chini ya sponji. Bwana Asilimia akaja akavuta kiti, akakaa mbele yangu mpaka boksi la mwisho, akisifia jinsi ninavyokunja vizuri utepe wa gundi kwenye kona. Vikaratasi vimebaki mfukoni mwa koti. Kwa hiyo barua hii ndiyo inayokuja badala yake. Kesho alfajiri naipeleka posta ya haraka, wameniahidi itakufikia Jumatano, siku moja kabla ya mizigo.

Sasa nakuomba yafuatayo, na usimwonee haya mtu yeyote. Vidude vikifika, kabla havijabandikwa popote, mwambie fundi wenu aende stoo achukue mashine yoyote mliyoiondoa wodini kwa ubovu. Aiwashe mbele ya matroni. Mbandike Sikio, mngoje dakika mbili. Itawaka kijani. Halafu fundi aweke kipimo chake kwenye mrija, matroni asome mwenyewe oksijeni iliyo humo. Hamhitaji kunielewa mimi wala kompyuta. Macho yake yatatosha. Nimeambatisha nakala ya zile kurasa mbili zenye saini yangu, mpe azishike, azipeleke kwa daktari mkuu, azipeleke ofisi ya afya, zifike popote.

Kama kuna mtu ameshavibandika, na unasoma haya taa zote za wodi yako zikiwa kijani, usiwaze kwanza nani atasema nini. Nenda kitanda kwa kitanda na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kama mlivyokuwa mkifanya zamani.

Nilitaka kuiandika barua hii bila kujitaja. Niliandika mbili za namna hiyo, moja nikajifanya mfanyakazi asiyependa kujulikana, nyingine nikaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Zote nimezichana. Karatasi isiyo na mwenyewe wangeitupa, na wewe wangekucheka. Kesho nikitoka posta napitia ofisi ya utafiti ya chuo kuwaachia nakala yao, na nitawaomba wafute jina langu kwenye makala. Agosti ikija tutaona. Huenda nikaja kulala sebuleni kwenu kwa muda, uwaandae pacha.

Kuna neno ulilowahi kuniambia, nilikuwa bado niko shule, ulikuwa umetoka zamu na viatu umevishika mkononi. Nilikuuliza mnajuaje usiku mtoto akizidiwa, nikadhani utasema analia. Ukasema mtoto anayeishiwa hewa halii. Hana nguvu ya kulia. Ananyamaza, na wodi inakuwa tulivu, na muuguzi mgeni anafurahia ule utulivu. Wiki hii nzima neno hilo linanizunguka kichwani. Tumetumia miaka minne kutengeneza kidude cha kusikiliza, Mama mdogo, na hakuna kitakachosikika.

Nisalimie Baba mdogo na goti lake. Wasalimie pacha, Mama, na Bibi, mwambie Bibi dawa ya macho anywe maji baada yake kama alivyoagizwa hata kama haoni uhusiano. Msalimie matroni, umwambie samahani. Na fundi wenu, simjui, lakini mshike mkono kwa niaba yangu na usimwachie aondoke.

Mungu akulinde na wote walio mikononi mwako, akupe usingizi mzuri ukitoka zamu.

Ni mimi nikupendaye, mwanao,
fundi wa maabara.

Wakikuuliza nani kasema, wape barua yote waisome. Usikate hata mstari.